Siku tano ndani ya korongo la Fish River, Namibia: mwongozo kamili wa kupanga safari ya kubeba begi mwenyewe

Kama ulishapanda Kilimanjaro na unahisi habari za kutembea milimani umezimaliza, hebu fikiria hii: kilomita kama 80 hadi 85, siku nne au tano, chini ya korongo lenye kina kinachofika mita 550, hakuna wagumu wa kukubebea mzigo, hakuna mpishi wa kukuamsha na chai, hakuna kibanda wala duka wala mtandao wa simu, na ukishashuka huna namna rahisi ya kupanda tena mpaka utokee upande wa pili. Ndo Fish River Canyon hiyo, kusini kabisa mwa Namibia, karibu na mpaka wa Afrika Kusini. Korongo lenyewe lina urefu wa kama kilomita 160 na upana unafika kilomita 27, ila njia ya miguu inapita sehemu ya kusini tu, unaanzia juu karibu na kambi ya Hobas unamalizia kambi ya Ai-Ais kwenye maji ya moto.

Niseme mapema, hii njia haihitaji ujuzi wa kupanda miamba. Wanaoteseka kule chini wengi ni watu wenye nguvu zao kabisa, mazoezi wanafanya, tatizo walifungasha vibaya nyumbani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya huu mwongozo inahusu mambo ya kufanya ukiwa bado sebuleni kwako.

Kwanza chagua mwezi

Njia inafunguliwa tarehe 1 Mei na inafungwa tarehe 15 Septemba, nje ya hapo hakuna anayeruhusiwa kushuka. Usione kama ni urasimu. Kiangazi cha kule, Novemba mpaka Machi hivi, joto ndani ya korongo linapita nyuzi 40 na mawe yanashika joto mpaka usiku, alafu ndo msimu wa mvua nao, mto unaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali huko juu ambayo wewe wala hukuiona.

Ndani ya hiyo miezi minne na nusu kuna tofauti kubwa. Mei mto mara nyingi bado una maji ya kutosha, mchana kuna joto, kuvuka kunaweza kuwa kazi. Juni na Julai mchana ni mzuri sana kwa kutembea ila usiku baridi kali, usidanganywe na neno jangwa, kuna usiku inakaribia sifuri. Agosti mwishoni na Septemba joto linarudi na mto unakuwa umekatika vidimbwi vidimbwi, maji mengine yamesimama yana ukijani. Mimi ningekwambia Juni au mwanzoni mwa Julai kama una slipingi begi ya maana, kama huna basi Mei.

Kitu kingine ambacho sisi watu wa karibu na ikweta huwa hatukifikirii: mwanga. Sisi jua tunalo masaa 12 mwaka mzima, kule mwezi wa sita unapata masaa kumi na kidogo tu, kunapambazuka saa moja na nusu asubuhi na saa kumi na mbili jioni jua limeshazama, tena ndani ya korongo linapotea mapema zaidi maana kuta zinaliziba. Ukipanga kutembea masaa tisa kwa siku kama ulivyozoea huku utajikuta unatafuta pa kulala kwa tochi katikati ya mawe.

Kibali, cheti cha daktari na kundi lako

Buking inafanywa kupitia Namibia Wildlife Resorts, wenyewe wanaita NWR, ndo wanaosimamia njia pamoja na kambi za Hobas na Ai-Ais. Nafasi za kila siku zina kikomo na wikiendi na likizo za shule za Afrika Kusini zinajaa mapema mno, kwa hiyo anza kuwaandikia miezi mingi kabla, na ukijibiwa lipa usingoje. Bei cheki nao wenyewe, huwa zinabadilika.

Masharti ni haya: kundi lisipungue watu 3 na lisizidi 30, mtoto chini ya miaka 12 haruhusiwi, na kila mmoja awe na cheti cha daktari kwamba afya yake inaruhusu, kilichotolewa ndani ya siku 40 kabla ya safari. Fomu wanayo wao NWR, unaipeleka kwa daktari wako huku huku Dar, Arusha au Nairobi. Hizo siku 40 zinawachanganya watu, wanapima mapema wakidhani wanajipanga kumbe cheti kinakuwa kimepitwa. Weka kwenye kalenda. Na ukiwa kwa daktari usiigize uzima jamani, sema presha yako, sema goti, sema pumu, maana kule chini hutamuona daktari mwingine.

Kundi. Watu watatu ni kiwango cha chini cha kisheria na kina maana yake: mmoja akivunjika mguu, mmoja anabaki naye, mmoja anaenda kutafuta msaada. Lakini ukiniuliza mimi nasema wanne au watano, ili anayeenda asiende peke yake. Zaidi ya nane inakuwa tabu tu, kila mara kuna mtu anafunga kamba za viatu. Na chagua watu kwa mwendo wao, urafiki ni kitu kingine, rafiki yako wa damu anayetembea nusu ya kasi yako atakuharibia safari na wewe utamharibia yake. Tembeeni pamoja siku nzima mkiwa na mabegi kabla hamjalipa kitu.

Kufika

Hakuna namna ya mkato hapa. Unaruka mpaka Windhoek, kwa kawaida kupitia Johannesburg au Addis Ababa, alafu unakodi gari. Windhoek mpaka Hobas ni kama kilomita 650, lami safi mpaka Keetmanshoop na mbele kidogo, baada ya hapo changarawe. Wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo hapo hamna shida, shida ni changarawe: magari yanapinduka pale kwa spidi, shuka mpaka 80 au chini yake, na usiendeshe usiku kwa sababu ya tandala wanaoruka barabarani. Gari liwe limenyanyuka na spea ya tairi iwe nzima, ikague mwenyewe kabla hujaondoka kwenye ofisi ya kukodi. Hati: Pasipoti, kadi ya njano ya homa ya manjano, na masharti ya kuingia yahakikishe karibu na safari. Pesa yao dola ya Namibia inalingana na randi ya Afrika Kusini na randi inapokelewa kote.

Gesi ya jiko huwezi kupanda nayo ndege, kabisa, kwa hiyo panga nusu siku Windhoek ya kununua mitungi midogo ya gesi pamoja na chakula. Keetmanshoop ndo mji wa mwisho wenye supamaketi za kueleweka, baada ya hapo usitegemee.

Njia inatembewa upande mmoja tu, kaskazini kwenda kusini. Maana yake gari lako halitakuwa ulipomalizia. Kuna usafiri kati ya Ai-Ais na Hobas, kama kilomita 70 kwa barabara, uupange wakati wa buking. Wengi wanaacha gari Ai-Ais na kupandishwa Hobas siku moja kabla, na ndivyo ningefanya, ili ukitoka umechoka gari liko palepale.

Mzigo: hapa ndo pa kukaa muda mrefu

Nunua mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia masanduku ya ndege, upime kila kitu. Lengo begi zima na chakula lisizidi kilo 14, kama ni mdogo wa mwili lisizidi 12. Watu wanashuka na kilo 20, na zile mita 500 za kushuka zinawafanya magoti yatetemeke kabla hata safari haijaanza, na goti likishaanza siku ya kwanza linakuwa nawe mpaka mwisho.

Hema acha. Najua inasikika vibaya lakini msimu huo mvua ni nadra mno na watu wengi wanalala nje kwenye mchanga, matresi ya kukunja, slipingi begi na turubai jepesi la kutandika chini. Umeshaokoa kilo mbili. Slipingi begi ndo usiibanie hela, iwe ya kuhimili nyuzi sifuri. Nguo: moja ya kutembea, moja ya kulala kavu isiyoguswa na kitu kingine, koti la joto, kofia ya jua inayofunika mpaka shingo, kofia ya sufu ya usiku. Soksi tatu. Basi. Jinzi hapana, ikilowa inakuwa nzito kama umebeba mtu.

Miguuni unahitaji buti zilizoshazoea mguu wako, zisiwe mpya hata kidogo, na jozi ya pili nyepesi, sandozi zenye mikanda, za kuvukia mto na za kukaa kambini. Kandambili haziwezi hiyo kazi, zinachukuliwa na maji. Vifuniko vya kitambaa vya kuziba juu ya kiatu mchanga usiingie ni kitu kidogo chenye faida kubwa, maana mchanga ndani ya soksi ndo unaoleta malengelenge. Na malengelenge usisubiri yatoke, ukihisi tu sehemu inachoma simama hapohapo, vua, pangusa, bandika plasta. Wenzako wakinuna wanune. Fimbo mbili za kutembelea kwa kushuka na kuvuka mto, hata kama huwa unazicheka.

Chakula kavu kama gramu 600 hadi 700 kwa mtu kwa siku, hiyo ni kilo tatu na nusu hivi kwa siku tano. Ugali sahau, unakula gesi na sufuria kuosha ni balaa. Vinavyofanya kazi vizuri: uji wa unga ulioiva tayari, tambi za dakika mbili, karanga, tende, maziwa ya unga, chapati za siku mbili za mwanzo, na biltong unayonunua Namibia, nyama kavu yao ni nzuri kuliko chochote utakachobeba toka nyumbani. Dagaa wa kukaanga nawapenda sana lakini harufu inaita nyani toka ng'ambo ya korongo. Nyani wa kule wanajua begi ni nini na zipu inafunguka wapi, chakula hakiachwi hata dakika kumi bila mtu.

Vingine vya kundi, gawaneni: jiko moja kwa watu wawili watatu, sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji ya kukaza kifundo, dawa za maumivu, za kuharisha, pakiti za ORS nyingi, kibanio cha kutolea miiba. Taa ya kichwani kila mtu na yake. Powa benki moja au mbili. Na kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe wa dharura, hata cha kukodi, kwa sababu kama nilivyosema simu kule ni kamera tu. Pamoja na hicho, bima ya safari inayotaja wazi kutembea milimani na uokoaji kwa helikopta, soma maandishi madogo.

Maji

Juu mpaka mtoni hakuna tone. Shuka na lita tatu kila mtu, ukifika chini ziwe zimekaribia kuisha, usizibane kwa kuhofia. Baada ya hapo unatembea kando ya mto na unachota unapoenda, lita mbili mkononi zinatosha sehemu nyingi, ila kwenye njia za mkato zinazouacha mto ujaze tatu tena.

Maji yote ya mto yasafishwe. Pundamilia wa milimani, mbuzi mawe, nyani, farasi pori, wote wanakunywa humo na wanajisaidia humo. Chujio la kubana kwa mkono ni bora, alafu beba na vidonge vya klorini kama akiba chujio likiziba, na mwisho wa msimu litaziba kwa tope. Chota kwenye sehemu inayotiririka, au chimba kishimo mchangani hatua moja kutoka kwenye dimbwi, maji yatajichuja kidogo yenyewe. Huko juu mto una mabwawa ya Hardap na Neckartal kwa hiyo kiasi cha maji hakitegemei mvua peke yake. Siku mbili kabla ya kushuka waulize NWR pale Hobas hali ya mto ikoje, kuna maji wapi, kuvuka kukoje. Majibu yao yana thamani kuliko video yoyote ya mwaka jana.

Choo: mbali na mto, hatua mia moja hivi, chimba, fukia, karatasi rudi nayo kwenye mfuko. Sabuni hata ile ya kusema haina kemikali isiingie mtoni. Moto wa kuni usiwashe.

Mazoezi

Miezi mitatu. Ngazi za ghorofa na begi lenye uzito kamili, na kushuka kuliko kupanda, maana kushuka ndo kunaua mapaja. Walio Morogoro wana Uluguru, wa Nairobi wana Longonot na Ngong. Walio Dar wana kitu ambacho wengine hawana: mchanga laini. Nenda Kigamboni asubuhi, begi mgongoni, tembea kwenye mchanga mkavu ule wa juu usiobanwa na maji, masaa mawili. Hiyo ndo Fish River kabisa, imekosa mawe tu.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza unaanzia pale wanapoita Hiker's Viewpoint, kama kilomita 10 kutoka Hobas. Mwanzoni kuna minyororo ya kushikilia, alafu mteremko wa mawe yanayoteleza mpaka chini. Masaa mawili, matatu kwa wengi. Polepole, achaneni nafasi ili jiwe la mtu lisimpige aliye chini. Ukifika mtoni pumzika sana, oga, kula, na usiwe na tamaa ya kilomita.

Sasa sikiliza hapa, toka hapo mpaka chemchemi ya maji ya moto, Sulphur Springs au Palm Springs, ni kama kilomita 15 na ndo ngumu kuliko zote, mawe makubwa ya kurukaruka yanabadilishana na mchanga unaozama, hakuna njia inayoonekana vizuri, kila mtu anabahatisha upande gani wa mto una afadhali. Unaweza kutembea saa zima ukapata kilomita moja na nusu. Watu wengi wanakata tamaa hapa wakipiga hesabu kwamba kwa mwendo huu hawatafika. Hesabu hiyo ni ya uongo, mbele njia inafunguka. Gawa hizo kilomita siku mbili, lala popote penye mchanga mzuri ulioinuka juu ya usawa wa mto.

Chemchemi yenyewe maji yanatoka na nyuzi 57, hayaogeki moja kwa moja, kaa yanapochanganyika na ya mto. Kuna mitende hapo, na hadithi yake inasema ilitokana na kokwa za tende za wafungwa wa Kijerumani waliotoroka wakati wa Vita ya Kwanza, hadithi hiyo iache ilivyo. Cha maana zaidi: hapa pana njia ya dharura ya kupanda kutoka. Ni kali mno lakini ipo. Kaeni chini kundi zima muulizane kwa ukweli: goti la nani linauma, nani anaharisha, nani hajala toka jana. Anayepaswa kutoka atokee hapa na mwenzake, kwa sababu mbele msaada unakuwa mbali zaidi.

Siku ya tatu korongo linapanuka, unapita chini ya mlima bapa wanaouita Table Mountain, ardhi inakuwa ya kokoto ngumu na unaanza kupata kilomita ishirini kwa siku bila kujiua. Utaona njiani mabaki ya Vespa, ndiyo, pikipiki, kuna watu waliwahi kujaribu kupita nazo humo.

Siku ya nne ndo ya njia za mkato. Mto unajikunja sana na vijia vinakata shingo za mikunjo, Kooigoedhoogte ikiwa maarufu kuliko zote, na kuna miamba ya Three Sisters na Four Finger Rock ya kujipimia umefika wapi. Pakua ramani na njia ya GPS kwenye simu kabla, ramani ya karatasi pia, maana ukiikosa njia ya mkato unaongeza masaa. Maeneo haya kuna kaburi la Luteni Thilo von Trotha, Mjerumani aliyeuawa 1905 kwenye vita dhidi ya Wanama, wenyeji wa kusini mwa Namibia. Mwaka huohuo kwetu kusini Maji Maji ndo inaanza, dola ileile, na ukisimama hapo unajua kabisa kaburi la nani limetunzwa na ya nani hayajulikani yalipo.

Siku ya tano ni fupi, kama kilomita 12 au zaidi kidogo kutegemea ulipolala, na wengi wanaivamia kwa haraka wakiwaza bia, ndo vifundo vinapoteguka. Mwendo uleule.

Kila asubuhi kung'uta viatu, ng'e wanapenda mle, na usiingize mkono chini ya jiwe usiloliona, kifutu yupo na hakimbii. Saa sita mpaka saa nane kukiwa na joto kaa kivulini. Mtu akianza kuongea ovyo, ngozi moto, jasho limekata, hiyo ni dharura: kivuli, mloweshe mwili mzima, mpepee, na kifaa cha setilaiti kinawashwa saa hiyohiyo, msijadiliane.

Ukifika Ai-Ais ripoti mapokezi kwanza kwamba kundi lote limetoka, ndo uende kwenye bwawa la maji moto na mgahawa. Buku chumba au kiwanja cha kambi kwa usiku huo toka mapema, usipange kuendesha kurudi Windhoek siku hiyohiyo. Na funguo za gari, kama uliliacha Ai-Ais, ziwe mbili kwa watu wawili tofauti, kama ofisi ya kukodi inatoa moja tu basi ishone ndani ya mfuko wa begi la mtu asiyependa kuogelea.